Maswali ya Wasomaji: Mwenye gesti wa Bethlehemu yuko wapi?

*"Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Shule ya Jumapili hapa Moshi. Kila Desemba watoto wanaigiza kuzaliwa kwa Bwana Yesu, na nafasi wanayoigombania kuliko hata ya malaika ni ya mwenye gesti, yule anayefungua mlango na kufoka, 'Tumejaa! Nendeni mbele!' Mwaka huu kijana mmoja wa kidato cha tano ameniambia nimtoe, eti kwa Kigiriki hakuna gesti Bethlehemu. Nimefungua Biblia yangu, Luka 2:7 inasema wazi, 'nyumba ya wageni'. Nimwamini nani? Naomba unijibu mapema, mazoezi yameshaanza."* — Mwalimu wa Shule ya Jumapili, Moshi

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kijana wako amesoma vizuri, ingawa ningependa angekuambia hayo mwezi wa Agosti.

Soma Luka sura ya 2 tangu mstari wa 1 hadi wa 20, tena soma polepole. Utamkuta Kaisari Augusto, utamkuta Kirenio, wachungaji, malaika na jeshi zima la mbinguni. Mwenye gesti hayumo. Hafungui mlango, hafoki, hata kivuli chake hakipiti. Ni mtoto wetu wa maigizo huyo. Tumemlea miaka mingi mpaka tukasahau kwamba Luka hamjui.

Alichoandika Luka, nikikifuata Kigiriki chake kwa karibu, ni kwamba Mariamu alimlaza mtoto horini kwa sababu "hapakuwa na nafasi kwao katika kataluma". Kabla hatujaigusa kataluma, angalia kitenzi. Biblia yetu ya Union ya mwaka 1952 inasema "hawakupata nafasi". Mswahili akisikia mtu hakupata, anajua alitafuta, na papo hapo anamwona Yusufu akivuta punda mlango kwa mlango. Kigiriki hakina habari ya kutafuta hapo. Kinasema nafasi haikuwapo, basi. Milango ile yote ya kugongwa tumeitundika sisi kwenye hilo "hawakupata".

Sasa kataluma. Imetokana na kitenzi kataluo, ambacho ndani yake mna kufungua na kulegeza. Msafiri akifika anafungua mizigo, anamfungua mnyama aliyembeba. Pale alipofungulia ndipo kataluma yake. Sisi tunacho kitenzi kinachokaa nacho bega kwa bega: kufikia. "Umefikia wapi?" "Nimefikia kwa shangazi." Anayekuuliza umefikia wapi hajasema kama ni gesti, ni kwa ndugu, au ni hosteli ya dayosisi. Kataluma nayo haisemi. Ni mahali pa kufikia, na habari inayoizunguka ndiyo inayokueleza ni pa namna gani.

Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki, kabla ya Kristo, walilitumia neno hili kwa upana huohuo. Katika Kutoka 4:24, mahali Musa alipolala njiani akirudi Misri ni kataluma. Katika 1 Samweli 9:22, chumba ambamo Samweli anamketisha Sauli mbele ya walioalikwa ni kataluma. Katika 2 Samweli 7:6, Mungu anamwambia Daudi kwamba tangu Misri hajakaa katika nyumba, amekuwa akienda huku na huku, na Kigiriki kinasema "katika kataluma na katika hema". Jaribu kusoma "gesti" katika mstari huo siku ya Jumapili uone kama mchungaji atakuacha umalize.

Katika Agano Jipya neno hili limo mara tatu tu. Moja ni hiyo ya kuzaliwa. Mbili nyingine ni habari moja iliyoandikwa na Marko (14:14) na Luka (22:11): Yesu anawatuma wanafunzi wamwulize mwenye nyumba, "Ki wapi chumba cha wageni, nipate kula pasaka humo pamoja na wanafunzi wangu?" Hicho "chumba cha wageni" ni kataluma. Mwandishi ni yuleyule Luka, neno ni lilelile, na watafsiri wetu wameandika "nyumba ya wageni" sura ya 2 na "chumba cha wageni" sura ya 22. Na chumba hicho cha pasaka kimo ndani ya nyumba ya mtu, mwenyewe akiwapo.

Usidhani Luka hakuwa na neno la gesti. Analo, na amelitumia sura ya 10. Msamaria anamwokota mtu aliyepigwa na wanyang'anyi kwenye njia ya Yeriko, anampandisha juu ya mnyama wake, anampeleka pandokeion, yaani nyumba inayopokea kila ajaye. Humo mna mwenye nyumba, na asubuhi mna malipo, dinari mbili mkononi. Hiyo ndiyo gesti. Luka aliyelijua neno hilo angeweza kuliandika katika habari ya Bethlehemu, naye akaandika lingine. Kwangu mimi hoja hii peke yake ina uzito kuliko zote.

Kuna na mstari wa 6, ambao maigizo yote yanauruka: "Ikawa, katika kukaa huko, siku zake za kuzaa zikatimia." Katika kukaa huko! Walikuwa wameshafika na wameshakaa. Ile picha ya mama aliyeshikwa na uchungu juu ya punda, usiku, Yusufu akikimbia huku na huko, Luka hakuichora. Tena Yusufu amekwenda Bethlehemu kwa kuwa "ni wa mbari na jamaa ya Daudi", na Bethlehemu ndio mji wa Daudi. Mtu wa Mashariki ya Kati anayerudi mji wa baba zake, na mkewe mjamzito, akataja ukoo wake mlangoni akafukuzwa? Na hata kama mji mzima ungemkataa, Mariamu alikuwa na Elisabeti, jamaa yake, katika nchi ya milimani ya Yuda hiyohiyo. Sura ya 1 inasema alikwenda kwake akakaa kama miezi mitatu. Njia ya huko aliijua.

Hori nayo? Hapa ndipo wengi wanaponishika: "Mwalimu, hori si la ng'ombe? Basi ni zizini." Nyumba ya mkulima wa kawaida wa Palestina ilikuwa chumba kimoja kikubwa. Upande wa mlangoni sakafu ilikuwa chini kidogo, na usiku wanyama waliingizwa hapo, wasiibwe na walete joto. Ngazi chache juu yake ndipo familia ilipopika, kula na kulala. Hori zilikuwa ukingoni, pale sakafu ya juu inapokutana na ya chini, mnyama akila kutoka chini. Mwenye uwezo aliongeza chumba cha wageni ubavuni au juu ya dari, kama yule mama wa Shunemu aliyemjengea Elisha chumba kidogo, akamwekea kitanda, meza, kiti na kinara cha taa (2 Wafalme 4:10). Kenneth Bailey, Mmarekani aliyefundisha Agano Jipya kwa miongo kadhaa huko Misri, Lebanoni na Yerusalemu, aliandika sana juu ya nyumba hizi. Biblia yenyewe haishangai kukuta mnyama ndani: yule mwanamke wa Endori aliyempikia Sauli alikuwa na ndama aliyenona nyumbani mwake (1 Samweli 28:24).

Wewe uko Moshi, kwa hiyo hapa sihitaji maneno mengi. Bibi yangu mzaa baba, kule Old Moshi, alilala nyumba moja na ng'ombe wake. Majani yalikatwa kihambani yakaingizwa ndani, na ng'ombe alitafuna usiku kucha hatua chache kutoka tulipolala wajukuu. Wala hatukujiona tumetupwa zizini. Desemba, wanawe walipopanda mlimani kutoka Dar es Salaam na Arusha, mahali pa wageni palikuwa pa aliyetangulia, au pa mkubwa kwa umri. Aliyechelewa alitandikiwa palipobaki, na mwenye mtoto mchanga alitafutiwa pembe ambayo mtoto hatakanyagwa. Sasa soma tena Luka 2:7. Kataluma imejaa, mtoto analazwa horini, ndani, watu wakiwapo.

Luka hakuandika kwamba nyumba ile ilikuwa ya ndugu. Hayo ni makadirio, mazuri lakini makadirio. Wapo wataalamu wanaosoma tofauti kidogo: Stephen Carlson, katika makala yake ya mwaka 2010, anaona kataluma ni mahali Yusufu na Mariamu walipokuwa wamefikia wao wenyewe, pakawa padogo mno kuzalia. Hilo nalo linakubaliana na "katika kukaa huko". Kwa usomaji wowote kati ya hiyo miwili, anayekosa kazi ni yule mwenye gesti.

Kwa nini basi Biblia yetu iko vile? Mapokeo, mwalimu. Biblia ya Kilatini iliandika *diversorium*, mahali pa kugeukia ukiacha njia, neno pana karibu kama kataluma. Wazungu walipohamia kwenye lugha zao wakalibana: Waingereza wakaandika nyumba ya kulipia, Luther naye kwa Kijerumani akaandika vivyo hivyo. Wamisionari na wasaidizi wao walipokaa kututafsiria, njia ilikuwa imeshakanyagwa. (Kilatini hichohicho, kwa kichekesho, kinamfikisha Msamaria na mgonjwa wake kwenye *stabulum*, neno ambalo pia ni zizi. Ukitaka zizi, lipo huko.) Siku hizi tafsiri zinajirekebisha. Ile ya Kiingereza inayosomwa sana, New International Version, katika toleo la 2011 iliacha gesti ikaandika chumba cha wageni. Kama mimi ningeulizwa na kamati ya Kiswahili, ningeandika: "kwa kuwa hapakuwa na nafasi kwao mahali pa kufikia."

Kuhusu igizo. Usimtoe mtoto aliyekwisha kukariri. Utaletewa mama yake ofisini kwa mchungaji. Mpe kanzu ya mzee mwenye nyumba na umbadilishie maneno: "Karibuni, karibuni! Chumba cha wageni kimejaa, lakini ingieni hivyohivyo." Akilalamika kwamba anataka kuwa mwenye gesti tu, mwahidi igizo la Msamaria Mwema wakati wa Pasaka. Mwenye gesti wa kweli katika Injili ya Luka ni yule, na alimpokea mgonjwa akamtunza.

*"Bwana asifiwe, Mwalimu. Mimi ni katekista mstaafu. Nimesikia mahubiri redioni kwamba Yesu alizaliwa nyumbani kwa jamaa zake. Sasa lile pango la Bethlehemu ambalo mahujaji wanaliinamia ni nini? Na Yohana 1:11, 'walio wake hawakumpokea', tufute?"* — Msomaji, Dodoma

Bwana asifiwe, mzee wangu. Pango ni hoja nzito, wala si la kupuuzwa.

Shahidi mkubwa ni Yustino Mfiadini, mtu aliyezaliwa Palestina penyewe, kwenye mji unaoitwa leo Nablus, na aliyeandika katikati ya karne ya 2. Anasema Yusufu hakuwa na mahali pa kufikia katika kijiji kile, akafikia katika pango karibu na kijiji, na kitenzi anachotumia ni kataluo hichohicho. Kigiriki ndicho alichoandikia, nchi aliijua, na yuko karibu na wakati ule kuliko mimi na Bailey. Anayetetea kwamba Yusufu alikosa mahali anaye shahidi mwema.

Lakini ona Yustino naye asichosema. Hasemi gesti wala hasemi kufukuzwa. Na pango kule si lazima liwe porini. Katika milima ile ya chokaa watu walijenga nyumba mbele ya pango, pango likawa chumba cha nyuma, ghala au mahali pa mifugo. Kanisa la Kuzaliwa, lililojengwa kwanza wakati wa Konstantino katika karne ya 4 na kujengwa upya katika karne ya 6, limesimama juu ya pango. Mtu anaweza kuliamini pango na bado akaiamini nyumba. Mimi ndivyo ninavyoelekea, ingawa siwezi kugombana na anayeliweka pango nje ya kijiji.

Yohana 1:11 tusiifute hata kidogo, ila tusiipeleke Bethlehemu kwa nguvu. Yohana hana hata mstari mmoja juu ya kuzaliwa kwa Yesu mjini humo. Kukataliwa na walio wake Luka anakujua, na ameweka mahali pake: sura ya 4, watu wa Nazareti wanamtoa nje ya mji mpaka ukingo wa kilima wapate kumtupa chini. Hapo hubiri kukataliwa, mzee wangu, na usibakize kitu.

*"Mwalimu, hapa kwetu hori ni mtumbwi. Mwanangu ameniuliza kwa nini mtoto Yesu alilazwa ndani ya mtumbwi. Nimekosa jibu. Na ng'ombe na punda wa kwenye kadi wametoka wapi?"* — Mama Watatu, Mombasa

Mwanao ana akili, mama. Hori kwenu ni chombo kidogo cha majini, na ni hori pia chombo cha kulishia wanyama. Ukiona gogo lililochongwa likawa na tumbo, utaelewa kwa nini jina ni moja. Neno la Luka ni fatne, na hilo halielei: ni mahali mnyama anapolia chakula. Wala haikuwa lazima liwe la mbao kama kwenye kadi. Kule Megido wachimbaji wamefukua hori za mawe. Luka 13:15 analitumia tena, pale Yesu anapowaambia wanafiki kwamba siku ya sabato humfungua ng'ombe au punda wakampeleke kunywa maji. Union imeandika "zizi" hapo, lakini ni fatne.

Ng'ombe na punda Luka hakuwataja kabisa. Wametoka kwa Isaya 1:3, "Ng'ombe amjua bwana wake, na punda ajua kibanda cha bwana wake." Kibanda hicho, katika Agano la Kale la Kigiriki, ni fatne. Wakristo wa zamani waliposoma fatne kwa Luka na fatne kwa Isaya, wakawaingiza wanyama wale wawili moja kwa moja. Fransisko wa Asizi aliwapa nguvu zaidi Krismasi ya mwaka 1223, alipotengeneza hori lenye majani makavu katika kijiji cha Greccio, Italia, akaleta ng'ombe na punda wazima. Kadi zenu za Mombasa ni wajukuu wa usiku ule. Sioni ubaya wao. Mtoto akiuliza, mpeleke kwa Isaya.

*"Naanza Kigiriki mwaka wa kwanza. Kamusi inasema kataluo ni 'kufikia kwa mtu', tena ni 'kubomoa'. Inawezekanaje?"* — Mwanafunzi, Iringa

Shina ni luo, kufungua. Ukifungua mizigo ya punda, umefika. Ukifungua mawe ya ukuta, umeubomoa. Ukifungua sheria isifunge tena, umeitangua. Mathayo 5:17, "sikuja kutangua", ni kataluo. Marko 13:2, jiwe juu ya jiwe ambalo halitabomolewa, ni kataluo. Luka 19:7, watu wanamnung'unikia Yesu kwamba ameingia kukaa kwa mtu mwenye dhambi, yaani kwa Zakayo, ni kataluo vilevile.

Jinsi ya kutofautisha: tazama kama kitenzi kina kitu cha kutendwa. Sheria, hekalu, kazi ya mtu, hapo kinatangua au kinabomoa. Kikisimama bila kitu, mtu yuko safarini naye anatafuta pa kulala. Kwenye mtihani wakikuwekea Luka 9:12, wanafunzi wakitaka makutano waende vijijini, usiandike kwamba walikwenda kuvibomoa. Nimesahihisha karatasi za namna hiyo.